Mwanamke wa Santuri ya Cherehani

Kadija uko? Leo Bungoma Mjomba Osman nusura azame ardhini.

Tumeenda kumposea kijana wake. Baba ya msichana, Mzee Adan, akatoa santuri ya 1986 akatuwekea. Ati haina gitaa, mlio wa cherehani ndiyo ngoma, na mwanamke anaimba.

"Huyo mama nilimpenda. Nilimtafuta Kitale yote."

Nilimpenda, bana. Mbele ya bibi yake.

Mjomba akainamia chai. Shangazi Zulekha akashindwa kuvumilia: "Si ndiye huyu Osman umeketi naye! Alikuwa fundi wa hiyo cherehani, mwimbaji akakosa kufika, akabana sauti akaimba kama mwanamke."

Mzee akasongesha kiti kando. Nikajua posa imeharibika.

"Imba basi," akamwambia Mjomba.

Mjomba ameimba yote, na ile sauti ya kike. Bibi ya mzee ndiye alimpigia meza kama ngoma, anacheka mpaka machozi.