Sanduku Kubwa kwa Safari ya Mwaka Mmoja

Mama mshauri, shikamoo. Najua umezoea barua za wapenzi na za mawifi, yangu ni ya sanduku, lakini tafadhali usiitupe kabla hujafika mwisho.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, mageti na madirisha, mwaka wa kumi na moja sasa, na nimepata kazi ng'ambo kwenye kiwanda cha matangi, naondoka baada ya wiki tatu, tiketi ninayo, kilichobaki ni cha kubebea nguo, basi Jumamosi nikaenda sokoni peke yangu nikanunua sanduku kubwa la plastiki ngumu, la buluu, muuzaji akaapa kwamba hata tembo akilikanyaga halipasuki, na kwa bei ile nikajiona mjanja.

Mke wangu anashona sare za shule, cherehani yake iko pale sebuleni, akaacha kazi, akalipindua sanduku, akavuta zipu mara mbili, akasema, "Zipu hii haifiki hata uwanja wa ndege." Nikacheka. Binti yetu wa miaka sita, tunayemwita Kadogo, akaingia ndani akajikunja akasema, "Baba, natosha!" nikacheka tena, lakini mama yake hakucheka, akanitazama akauliza, "Baba Kadogo, sanduku lote hili ni la mwaka mmoja?"

Hapo ndipo penye aibu yangu, mama. Mkataba ni wa miaka mitatu. Siku habari za kazi zilipokuja mke wangu alisema, "Mwaka mmoja nitavumilia, zaidi ya hapo usiniombe," maana baba yake mzazi aliondoka yeye akiwa anatambaa, akarudi yeye yuko darasa la saba, akamwamkia kama mgeni, basi mimi nikajikuta nimesema ndiyo, ni mwaka mmoja, na mkataba nikauficha karakana ndani ya boksi la vijiti vya kuchomelea. Tangu hapo kila siku ananiuliza, huko baridi ni miezi mingapi, nikushonee suruali nzito ngapi, na mimi namjibu kwa hesabu ya mwaka mmoja. Jana amemaliza ya pili akasema, "Mbili zinakutosha mpaka urudi." Nikatoka barazani nikajifanya napokea simu.

Sasa nishauri, nirudishe sanduku nichukue begi dogo ili moyo wake utulie, au niende na hili kubwa kwa kuwa nguo za miaka mitatu si mchezo? Rafiki yangu anasema begi la mtumba ndilo la kumudu. Na yale mengine nilikuwa nafikiri nimwambie kwa simu nikishafika, akiwa amezoea.

Fundi wa Mageti

*

Marahaba, fundi.

Tuanze na sanduku, kwa kuwa ndilo uliloliuliza bila kigugumizi. Mkeo amesema kweli, lirudishe. Muuzaji akikataa, mkeo atalitumia kuhifadhia vitambaa. Kabla ya kununua lolote, lipime likiwa tupu. Ukiruhusiwa kilo ishirini na tatu na sanduku lenyewe likala sita, umeilipia plastiki nauli. Tafuta begi la kitambaa kizito, la mtumba halina ubaya, lenye zipu ya meno makubwa na magurudumu yasiyoyumba. Mkono wa kulivutia uvute na kuurudisha mara kumi hapohapo dukani. Ligeuze ndani nje utazame mishono. Viatu vizito vya kazi vaa miguuni, vyeti beba mkononi, na makoti utayakuta huko, watu wa huko hawatembei uchi.

Umeona jambo, baba? Anayekwenda mwaka na anayekwenda miaka mitatu wanatosheka na begi lilelile. Kwa hiyo usilitume begi dogo likuongopee.

Unasema ulijikuta umesema. Ulimi huteleza mara moja. Wako umeteleza kila siku, na mkataba nao ukajitembeza wenyewe mpaka karakana? Naelewa ulivyobanwa, kazi kama hiyo haiji mara mbili, na mwanamke huyo unampenda, la sivyo usingekimbilia barazani. Lakini hukumdanganya ili asiumie. Ulimdanganya ili wewe usimwone akiumia. Na hiyo simu unayoipanga itamkuta peke yake na mtoto, akigundua kwamba ameachwa vilevile alivyoachwa na baba yake.

Kesho asubuhi, mtoto akishakwenda shule, kabla cherehani haijaanza, weka mkataba mezani. Usijitetee. Someni pamoja ukurasa wa likizo, na msipouelewa mpigieni wakala aliyekutafutia kazi. Usiahidi kitu ambacho hujakiona kimeandikwa. Akisema usiende, atakuwa amesema mbele yako, na una wiki tatu za kumsikiliza.

*

Kwa kuwa safari ilikuwa karibu, jibu hili nilimsomea fundi kwa simu. Baada ya siku kumi na mbili akaniandikia:

"Mama, nilimwambia. Hakupiga kelele. Aliusoma wote, akaniuliza maana ya maneno mawili, akamchukua mtoto akaenda kwa dada yake siku nne. Aliporudi akataka nimpigie wakala yeye akisikia. Likizo ipo, mwezi mmoja kila baada ya miezi kumi na minane, nauli ni juu ya kiwanda. Akasema, 'Sijakusamehe, ujue hivyo. Lakini twende sokoni, wewe hujui kuchagua.' Akakagua mabegi tisa mpaka muuzaji akaomba kiti. Tukachukua la kijani, la mtumba. Jana nimemkuta amelifungua mapajani, anadarizi kwa uzi mwekundu kwenye kitambaa cha ndani ya mfuniko. Nilidhani ni jina langu. Ni tarehe ya likizo ya kwanza. Nilikaa chini nikamshikia begi lisiteleze."