Neno nililomwandikia bosi

Queen, nimekwisha. Nilimwomba bosi wa hoteli kule Ushongo ruhusa nije Muheza nimuuguze mume wangu, Innocent. Nikaandika kwa Kiingereza kuwa ni "deceased".

DECEASED, Queen! Nilitaka kusema mgonjwa. Kumbe hilo ni "diseased", na Waingereza wenyewe hulisemea mti au ini, mtu ni "sick" tu. Nililoandika mimi ni MAREHEMU!

Bosi akawatangazia wafanyakazi wote. Leo mimi na Innocent tuko zahanati, wenzangu wakatua kwa mama mkwe na vilio. "Pole mama, Innocent ametutoka." Akaanguka palepale mlangoni.

Tumerudi nyumbani mbio. Innocent, na homa yake, kampakata mamaye. "Mama, ni mimi, niangalie." Hajafumbua macho.

Njoo Queen, nakuomba.