Kifua Kilichoandikwa Jina Lako

Mama yangu,

Unanijua: hata embe la kupewa nalinusa mara mbili. Basi mjukuu wako, somo yako niliyempa jina lako, alipoanza kukohoa, na dresa anayetibu zahanati hapa Bagamoyo akasema tumpeleke Dar akapigwe eksirei, nilimjibu kwamba mashine ile ni mwongo mkubwa. Si ndiyo iliyosema kifua chako safi, na miezi mitano baadaye tukakuzika?

Nilikwenda Dar shingo upande. Karani akasema tungoje kidogo. Hospitali imepata mashine mpya, na ile kuukuu wameiweka chumba cha pembeni pamoja na picha zake, watu watazame eksirei ilivyoanza. Nikaingia nimtazame adui yangu. Dirishani wametundika vifua vya watu, vioo vyeusi vyenye mbavu nyeupe. Kimoja kina jina lako.

Nilitaka kulia, Mama. Kisha nikaona mtulinga, ule mfupa wa juu ya kifua hadi begani, wa kushoto umeunga kombo. Wewe hukuwahi kuvunjika hata kidole. Aliyeanguka mkorosho usichanani, akaungwa vibaya kule Mlingotini, ni mdogo wako.

Nikamshika mtoto tukaondoka kabla hatujaitwa. Njia nzima siku ile ya eksirei yako ilinirudia. Nilikuwa na miaka kumi, nimekaa barazani mwa hospitali na kikapu chetu cha visheti. Tangu asubuhi ulikuwa ukinung'unika, "Mimi wa kukaguliwa kaburini na malaika Munkari na Nakiri, si na mzungu." Lilipoitwa jina lako mliinuka wawili, mabuibui mawili, nyuso zimefunikwa. Mlitoka mnacheka. Jioni ukampa mama mdogo doti mpya ya kanga, wewe ambaye hata kanga ya jikoni hukumwazima mtu. Nikadhani ni mapenzi ya ndugu.

Jana nilimwendea. Alikuwa akiparua samaki. Nilimwamkia, lakini sikungoja marahaba.

"Mama mdogo, nani aliingia kwenye mashine?"

Kisu kikasimama. "Mimi. Mama yako aliona haya kuvua nguo mbele ya mwanamume. Akaniapisha nisiseme. Nami nilidhani ni kikohozi cha baridi tu, mwanangu."

Miaka yote hii amenisikia nikiitukana mashine, naye kimya! Nimemkasirikia. Wewe nimekukasirikia zaidi, kisha nikakuombea dua, maana stara uliyoitaka naijua, hata mimi nayo ninayo. Lakini nilikuwa mtoto, Mama, na nilikuhitaji.

Mama mdogo akafuta mikono, akasema atampeleka somo yako yeye mwenyewe, nipumzike. Nikamwambia ahsante, hapana.

Kesho alfajiri tunarudi Dar. Karani ataita jina lako tena, na safari hii nitamshika mkono mwenye jina mpaka ndani.

Mola akulaze pema.

Mwanao, mama wa somo yako