Neno Lililofika Nkome Peke Yake

Rwamgasa,
Jumatano asubuhi

Mama yangu,

Shikamoo. Mwangaluka, mayu. Najua umenikasirikia, lakini shikamoo yangu naomba uiitikie, hata kama ni moyoni tu. Goti la kushoto linaendeleaje na huo upepo wa ziwani? Na ile dawa ya kuchua niliyompa dereva wa basi, ilifika au aliitumia mwenyewe? Sisi huku wazima. Najua neno hilo utalisoma mara mbili, kwa hiyo nalirudia mwenyewe: wazima, mimi na mdogo wangu Masanja, wote wawili.

Katekista alinifikishia ujumbe wako kama ulivyousema. "Mama yenu anasema usimpigie simu. Ukiwa na neno, uandike kwa kalamu, alisome lote mwanzo hadi mwisho." Basi nimenunua daftari na kalamu, nimekaa nyuma ya duka na kikombe cha chai. Mkono umezoea kubonyeza, mama, mwandiko umeharibika. Pale utakaposhindwa kusoma, rudisha kidole nyuma uanze tena, wala usiruke.

Unajua kazi yangu hapa ni ya steshenari: kuchapa barua za watu, kutoa kopi, kupiga picha za pasipoti. Kitu ambacho sikuwahi kukueleza vizuri ni blogi. Blogi ni daftari, mama, ila liko mtandaoni. Unaandika yako, na anayejua lilipo anakuja kusoma. Langu lina mwaka wa tatu sasa, na wasomaji wake walikuwa watu wa hapa hapa: wachimbaji, wake zao wachache, na Mwalimu Neema wa sekondari, yule anayekuja kuchapisha mitihani kwangu. Niliandika mambo ya maduara, ndivyo huku tunavyoyaita mashimo ya dhahabu, na vituko vya machimboni. Niliandika pia yale niliyokuwa siwezi kukuambia wewe. Nilijua husomi blogi, nikajiona nimepata mahali pa kutua mzigo.

Mwalimu Neema ndiye aliyenitia maneno. "Kabula, unaandika vizuri halafu unasomwa na watu wasiojaa hata benchi moja la kanisani," aliniambia. "Si una ukurasa kule kwenye mtandao ambako watu huwekeana picha na salamu? Ndugu zako wote wako kule. Unganisha blogi na ukurasa, kila ukiandika huku, kule kunajibandika kwenyewe." Mama, nikavimba kichwa. Nikajiona nami ni mwandishi ambaye Nkome yetu nzima inamsubiri.

Nilihangaika mchana kutwa. Kwanza nilisahau neno la siri. Nilipolikumbuka, wakaniambia nithibitishe kwamba mimi ni binadamu, nichague picha zenye taa za kuongozea magari. Mimi wa Rwamgasa, hizo taa nazijulia wapi? Nilichagua hata nguzo za umeme. Mwishowe kikatokea kialama cha kijani, vitu viwili vimeungana, nikapiga vigelegele peke yangu mpaka mteja akauliza kuna harusi gani. Ila kuna jambo moja sikulitazama. Ule ukurasa haubebi habari nzima. Unabeba kichwa cha habari, picha, na maneno machache ya mwanzo, kisha unakata. Anayetaka yaliyobaki abofye, na kubofya kunakula bando. Nani wa kwetu anachezea bando lake?

Kesho yake asubuhi niliandika habari yangu ya kwanza baada ya kuunganisha. Kichwa chake nilikiita "Masanja Amezama". Nikaweka picha yake nzuri kuliko zote, ile ya shati jeupe la Pasaka.

Mama, huku kuzama ni kushuka duarani. Ndiyo lugha ya kazi. Mtu akimuulizia mwenzake asubuhi anaambiwa "amezama," anasema "haya," anakwenda kunywa supu. Nimeishi na neno hilo miaka yote hii mpaka nikasahau kwamba sisi tumezaliwa ziwani. Nikasahau kwamba Baba alizama. Nilikuwa darasa la tano, nakumbuka siku tatu ulizokaa pale ufukweni ukikataa kula, halafu mkono wangu wenyewe unaandika neno hilo hilo juu ya picha ya mwanao anayecheka. Sina cha kujitetea hapo.

Ya upande wenu nimeyapata baadaye kwa jirani yako, Mama Regina. Kwamba Mjomba Lukas aliiona kwenye simu yake mkiwa mnageuza dagaa, akaisoma kwa sauti: "Masanja amezama. Leo asubuhi mdogo wangu amezama, na Mungu ndiye ajuaye..." Hapo ukurasa ukakata. Kwamba kuna mtu aliuliza, jamani, Rwamgasa kuna ziwa? Mjomba akajibu kuna mabwawa ya kuoshea mchanga wa dhahabu, watu huzama humo. Kwamba ulikaa chini pale pale mchangani, mvua ikaja, dagaa zako zote zikalowa na hakuna aliyekumbuka kuzianua. Kwamba majirani walilala kwako na wanakwaya wakaimba. Mama Regina aliponisimulia hayo nililia mpaka nikamwomba anyamaze kwanza.

Na mlipiga simu mpaka mkachoka, najua. Umeme ulikatika huku, mnara wa simu nao ukazima, hatukupata mtandao mpaka kesho yake mchana. Mtandao uliporudi, simu yangu ilianza kulia kama imepandwa na mashetani. Nikafungua ukurasa, nikaona watu wamejaa, maoni hayana mwisho. Nikwambie ukweli, maana umesema nisikate: nilipoona wingi ule, kabla sijasoma neno hata moja, nilifurahi. Nilidhani nimependwa. Ndipo nikasoma la kwanza, "Pole kwa msiba," na la pili, na la tatu, nikasema kwa sauti, "Jamani, nani amekufa?" Masanja alikuwa nyuma yangu anakula ugali. Akachungulia, akaona picha yake mwenyewe na mishumaa ambayo watu wameizungushia. Tonge likamwanguka.

Ile simu iliyofuata unaijua, wewe ndiwe uliyepokea. Lakini niache niiandike nilivyoisikia mimi. Masanja alisema, "Mama, ni mimi, niko mzima." Ukasema, "Kama ni wewe, ulivunja nini siku ya kipaimara cha Kabula?" Akasema, "Mtungi wa bibi, nikamsingizia mbuzi." Nikasikia unashusha pumzi. Nami nikashusha yangu, nikajua yameisha. Kisha ukauliza polepole, "Sasa ulizama wapi?" Na mwanao, kwa furaha ya kusikia sauti yako, akajibu kama anayejibu mchimbaji mwenzake: "Duarani, Mama." Ukasema, "Kumbe unashuka." Simu ikakatika.

Nimelitafakari hilo "kumbe" wiki mbili sasa. Kilio cha uongo kilikuumiza, lakini naona lililokufunga mdomo ni hili la kweli. Ulimkataza ziwa kwa sababu ya Baba. Ulimkabidhi kwangu pale stendi, ukasema, "Afanye kazi yoyote, asiende majini wala chini ya ardhi." Nikaitikia. Na mwanzoni ilikuwa hivyo, alikuwa anasaga mawe kwenye karasha, juu, kwenye vumbi na jua. Tangu mavuno yaliyopita anashuka. Mimi najua tangu siku ya kwanza. Kila Jumapili ulipouliza nilisema yuko karasha, na kila nilipokata simu nilifungua blogi nikaandika ukweli. Ninyi mlipata uongo na watu baki wakapata ukweli. Halafu kwa kutafuta sifa nikafungua mlango kati ya huku na huko kwa mikono yangu, nikashangaa kilichopita.

Nakunakilia hapa sentensi yote, ile ambayo Mjomba hakuifikia: "Leo asubuhi mdogo wangu amezama, na Mungu ndiye ajuaye hali yangu mimi niliyebaki juu nikiitazama kamba. Mama yetu hajui. Ningekuwa jasiri ningemwambia, lakini naogopa sauti yake kuliko ninavyoogopa shimo." Ndivyo ilivyokuwa. Kama ningekuandikia wewe maneno hayo badala ya kuwaandikia wao, usingelia kilio kile.

Sasa ukurasa na blogi nimevitenganisha. Mtandao uliniuliza mara mbili kama nina uhakika, nikabonyeza ndiyo mara mbili. Niliandika pia maelezo na kuomba radhi. Wapo waliosema Mungu ni mwema, wapo waliosema nilifanya makusudi nipate wasomaji, na kuna mama mmoja wa Ushirombo, simjui wala hanijui, aliyeandika kwamba alikuwa ameshamtaja Masanja kwenye sala za jumuiya yao, na sasa atarudi kuwaambia wamshukuru Mungu. Huyo nilimjibu kwa machozi. Blogi yenyewe sijaifunga, mayu, sitakudanganya. Bila kuandika nitapasuka. Ila la nyumbani kwetu litakufikia wewe kabla ya mtu mwingine, kwa karatasi kama hii, na likiwa baya litakufikia likiwa baya hivyo hivyo.

Nisalimie Mjomba Lukas. Asijilaumu, alisoma kilichoandikwa, mwenye kosa ni aliyeandika. Msalimie Mama Regina, jirani mwema, umwambie bado namdai ule wimbo aliowaongoza wanakwaya usiku ule, maana nasikia aliuimba vizuri kuliko siku zote na marehemu hakuwepo. Samahani, najua bado si wakati wa utani. Msalimie katekista, na shangazi wa Katoro akipita hapo kwenda mnadani. Zile dagaa zilizolowa nimezifikiria sana, nitakuja mwenyewe mwezi ujao tuanike nyingine.

La mwisho. Juzi nilimkalisha Masanja, nikamwambia, "Uongo wako siubebi tena. Wangu nautua kwa Mama." Akaniuliza, "Sasa nani atamwambia kama naacha au naendelea?" Nikamwambia, "Wewe." Akanyanyuka, akaenda kufua lile shati jeupe. Ndiyo maana barua hii sikuipa dereva wa basi. Nimemwapisha aliyekuletea asifungue kinywa mpaka umefika kwenye jina langu hapo chini, kwa hiyo kama ameinamia kikombe chake cha uji muda wote huu, si kiburi. Anaogopa. Atakachokujibu mimi sikijui, nimemuuliza mara tatu amenikwepa, na ni mtu mzima, siwezi kumfunga kamba. Na wewe nakujua, mayu: barua umeipokea na mkono hujampa. Ulimlilia mchana kutwa na usiku kucha ukijua hutamgusa tena. Yuko hapo mbele yako. Mshike kwanza, ndipo umuulize.

Ni mimi mwanao, mkubwa kwa umri tu,

Kabula