Upande wa Koboko

Mvara, Arua

Shemeji Aliga,

Niwie radhi kwa kukaa kimya tangu Pasaka. Mvua imenyesha vizuri na mihogo imeshika.

Juzi mjukuu wetu Ritah aliniuliza maana ya neno la Kiingereza “turn”. Nilimweleza kuwa lilitoka Kilatini, katika jina la chombo cha kuchongea mbao zikizungushwa. Sasa humaanisha kugeuka, kugeuza, hata zamu. Wakati huo nilikuwa nikimgeuza dada yako Santa kitandani, asipate vidonda. Tangu apooze, hulia nikimlaza akitazama mlango. Nilidhani ni maumivu, hadi aliponiambia, “Mzee, hapana huku. Geuza mimi Koboko. Mimi nataka kufia kwetu.”

Ndugu yangu Acidri akasema mbele yake, “Bibi ya kuolewa iko ya hapa. Ukimpeleka, umemrudisha.” Katika ukoo wetu, mke aliyerudishwa hazikwi tena kwa mumewe, nami nilitaka tulale pamoja. Watu wa ukoo wamekwisha kupima kaburi lake nyuma ya jiko. Aliwasikia.

Nitakuandikia nikishaamua. Simu ikitangulia barua hiyo, ujue nilichelewa.

Shemeji yako,
Asiku