Kola Iliyokunjamana

Dada yangu Colleen,

Salamu kutoka Tonga, ambako kaka yako anazidi kunenepa kwa ajili ya Injili. Jana jirani yetu Mele alituletea tena nyama iliyopikwa kwa tui ndani ya majani ya magimbi, nami nikaipiga picha ya blogu kabla hatujaomba. Renae wangu anasema siku hizi hata Mungu hunisubiri nimalize picha.

Kwenye blogu niliandika kila siku kwamba Renae anapumzika kwa sababu ya joto. Ndivyo alivyoniambia, nami nikaamini. Ni wewe, huko nyumbani Idaho, uliyetazama picha zangu za kanisani ukapiga simu.

"Verl, nani anakupigia pasi?"

"Nani tena? Mke wangu."

"Acha uongo. Kola zako zimekunjamana wiki nzima. Mpe simu."

Kwako hakuweza kuficha. Mguu ulikuwa umevimba na kifua kinambana, naye alinyamaza asije akarudishwa nyumbani kabla misheni yetu haijaisha. Daktari alikuta damu imeganda mapafuni. Alisema tungechelewa kidogo tu, ningerudi peke yangu.

Sasa anapona, na tumeruhusiwa kubaki. Asante, dada. Nilidhani unasoma blogu yangu kwa kunihurumia tu.

Kwenye picha ya leo kola imenyooka. Nimepiga pasi mwenyewe, Renae akiniamrisha kutoka kitini.

"Mwambie wifi yangu umejitahidi," anasema, "ila usigeuke. Mgongoni umeunguza."

Kaka yako, anayetazama mbele tu,
Verl