Mikate Laini

Mwanangu kipenzi,

Salamu zako nimezipata, na sweta pia. Inanibana mabegani lakini naivaa hivyo hivyo, najidai nayo mtaani.

Usinigombeze: nimerudi kazini, kule kwenye kiwanda cha mikate. Mwenye kiwanda alikuja nyumbani kunibembeleza, maana vijana wote mmeondoka na matangazo yake ya kazi yanasomwa na vikongwe tu. Gunia la unga alilokuwa akilibeba kaka yako peke yake, sasa tunalikokota mimi, shangazi yako na wastaafu wenzetu wawili, huku tukigombana nani anavuta na nani anajiegemeza. Mikate tunaioka laini, kwa kuwa mtaa mzima hauna meno. Hata ile shule uliyosoma wameigeuza makao ya wazee, na ndio wateja wetu wakubwa.

Juzi niliteleza kwenye unga nikaanguka. Sikuvunjika, usianze kulia. Ila wenzangu walijaribu kuninyanyua wakashindwa, basi wakaketi nami sakafuni, tukamsubiri dereva arudi kutoka kusambaza mikate aje atuinue. Tulicheka sana, mpaka shangazi yako akaanza kulia kweli, nasi tukamfuta machozi kwa mikono yetu yenye unga.

Sikwambii urudi. Najua huko unamtunza mama wa watu, na ndiyo riziki yako. Ila ukimwogesha, mwanangu, msugue mgongo taratibu, usiwe na haraka. Wangu mimi siku hizi siufikii.

Ni mimi,
Mama yako.